Tati ya ndizi, ya nazi au ya nanasi: ipi ya Karibiani inafaa kuokwa kwanza nyumbani

Karibiani haina tati moja ya matunda, yaani ganda la unga lililojazwa tunda na kuokwa. Jamaika ina tati ya ndizi, iliyokunjwa nusu mwezi na kufungwa kabisa, na ina pia gizzada, kikombe kidogo cha unga kilichojazwa nazi na kuachwa wazi juu. Guyana na Trinidad zina tati ya nanasi, ambayo hukunjwa pembe tatu huku katikati pakiachwa tundu la kuonyesha jamu. Guadeloupe nayo, katika kisiwa chake kidogo cha Terre-de-Haut, ina tourment d'amour, yenye tabaka la nazi chini na keki laini juu. Mwenye tanuri nyumbani anaweza kuoka yoyote kati ya hizi, lakini haziko sawa kwa ugumu, wala haziharibiki kwa njia moja.

Anayetaka kujaribu kwa mara ya kwanza kwa kawaida huchagua kwa kufuata tunda analolipenda. Kigezo hicho ni kidogo mno. Matunda yote haya ni matamu; kinachoitenga tati iliyoiva vizuri, kavu na nyepesi, na ile iliyolowa chini ni maji yanayobaki katika mchanganyiko wa ndani, namna ganda linavyofungwa, na aina ya moto alionao mpishi. Nikipima kwa mambo hayo matatu, naiweka tati ya ndizi mbele kwa mwanafunzi, gizzada kwa mwenye haraka na tanuri la kuaminika, na ya nanasi kwa mwenye subira, ingawa kwa ladha peke yake hiyo ya mwisho ndiyo bora kuliko zote.

Viungo havitamsumbua msomaji wa Afrika Mashariki. Kati ya matunda matatu makuu, nanasi peke yake ndilo mwenyeji wa upande ule wa dunia: Christopher Columbus alilikuta Guadeloupe mwaka 1493. Ndizi zilifikishwa Santo Domingo kutoka Visiwa vya Kanari mwaka 1516 na mtawa Mdominiko aliyeitwa Tomás de Berlanga. Minazi ya Karibiani, kama uchunguzi wa vinasaba unavyoonyesha, ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Wareno waliibeba kutoka upande wetu wa bahari hadi Cape Verde na Afrika Magharibi, na kutoka huko ikavuka Atlantiki. Hata kungumanga, ambayo ni harufu kuu ya tati za Jamaika, inalimwa Zanzibar kama inavyolimwa Grenada, nchi iliyoichora katika bendera yake ilipopata uhuru mwaka 1974. Kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta mbadala wa kitu chochote, na mpishi anaweza kuelekeza akili yake yote kwenye kazi ya mikono.

Ganda la unga ni karibu sawa kwa zote. Kipimo kinachotosha tati kumi ni gramu 250 za unga wa ngano, gramu 125 za siagi baridi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja kikubwa cha sukari, na vijiko vikubwa vinne hadi vitano vya maji ya barafu. Siagi hukatwa vipande vidogo, ikasagwa ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko uwe kama chenga, na baadhi ya vipande vibaki na ukubwa wa punje ya choroko. Vipande hivyo ndivyo vitakavyoyeyuka tanurini na kuacha nafasi ambazo mvuke utazitanua, na ndiyo maana ya kutafuna tabaka badala ya kutafuna ubao. Maji hutiwa kidogo kidogo, unga ukikusanyika tu basi, unabanwa kuwa donge bapa, unafunikwa na kuwekwa kwenye friji kwa nusu saa.

Aliyezoea chapati ana kazi ya kuuzuia mkono wake. Chapati hukandwa mpaka donge livutike. Ganda la tati likikandwa namna hiyo hukaza, husinyaa tanurini na kuwa gumu likipoa. Hali ya hewa ya pwani ina ugumu wake pia, kwa sababu siagi hulainika sana joto la chumba likikaribia nyuzi 30, na aliye Tanga au Mombasa mwezi wa Februari atafanya vizuri kuoka alfajiri au baada ya magharibi, akiuweka hata unga wenyewe kwenye friji kabla ya kuanza. Samli inaweza kutumika, na harufu yake ni nzuri, lakini haina maji kama siagi, kwa hiyo gramu 100 zinatosha kwa kiasi kilekile cha unga. Ganda lake huwa la kumumunyika zaidi kuliko la tabaka. Kwa tati ya ndizi nalipenda. Kwa gizzada silishauri, kwa kuwa kingo zake huanguka.

Sasa tuingie ndani ya ganda, mahali tofauti zinapoanza.

Ndizi inayotakiwa ni ile ya kupikwa, siyo ya kulwa mbichi: mzuzu au mkono wa tembo kwa Watanzania na watu wa pwani ya Kenya, gonja kwa walio Uganda. Mbili kubwa zinatosha. Iwe imeiva mpaka ganda lake limekuwa jeusi karibu lote, na ukiibonyeza kwa kidole gumba ibonyee bila kupasuka. Ndizi yenye manjano na madoa machache bado ina wanga mwingi ambao haujageuka sukari. Ukiipika itabaki na ladha ya unga, utalazimika kuongeza sukari, na bado itakuwa na chembe zisizopondeka. Ikishaiva sawasawa humenywa, ikakatwa vipande, ikachemshwa kwa robo kikombe cha maji na gramu 50 za sukari kwa muda wa dakika kumi, kisha ikapondwa pamoja na nusu kijiko cha chai cha kungumanga iliyokunwa, vanila kidogo na matone ya ndimu.

Uzuri wa mchanganyiko huu kwa mwanafunzi ni kwamba unasamehe. Wanga uliobaki ndani ya ndizi hufyonza maji na kuyashika, hivyo hata ukiuepua mapema kidogo utajikaza wenyewe ukipoa. Ndizi sukari na ndizi nyingine za kulwa mbichi hazina tabia hiyo: zikipondwa zinakuwa uji, na uji huo utavujia kwenye sinia. Sharti pekee lisilokwepeka ni kwamba mchanganyiko upoe kabisa kabla ya kutiwa kwenye unga, kwa sababu ukiwa na uvuguvugu utaiyeyusha siagi, na ganda litaanza kutoboka mkononi kabla halijaona moto.

Kisha kuna suala la wekundu. Tati ya ndizi ya Jamaika huwa nyekundu ndani, wekundu wa rangi ya chakula, na rangi hiyo haiongezi ladha yoyote. Naijua hoja ya wanaosema iachwe, na katika mapishi mengine ningekubaliana nao, lakini hapa rangi ni sehemu ya chakula chenyewe kwa namna watu wake wanavyokitambua, na bila hiyo unabaki na keki ndogo ya ndizi yenye rangi ya udongo. Asiyetaka rangi ya dukani atumie kijiko cha maji mazito ya kiazisukari chekundu, au cha rozela iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Rozela inafaa kwa sababu ya ziada: ni mmea uleule ambao Wajamaika huutengenezea kinywaji chao cha Krismasi, na uchachu wake unaipunguzia ndizi ule utamu mzito.

Kuikunja ni jambo la dakika moja. Donge husukumwa hadi wembamba wa milimita tatu, hukatwa maduara ya sentimita 12 kwa kutumia mdomo wa bakuli, kijiko kimoja kikubwa cha ndizi huwekwa upande mmoja, kingo hulowanishwa kwa maji, nusu moja hulazwa juu ya nyingine, na ukingo hubanwa kwa meno ya uma. Juu hutobolewa mara mbili kwa uma ili mvuke utoke. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kujaza kupita kiasi kwa ukarimu. Kijiko kimoja kinatosha.

Gizzada ni mambo mengine. Inasemekana asili yake ni queijada, tati ndogo za jibini za Ureno, zilizofika Jamaika na Wayahudi wa Kireno. Vya ndani yake ni jamaa wa karibu wa kashata ya nazi: nazi moja kubwa iliyokunwa, gramu 150 za sukari ya kahawia, robo kikombe cha maji, kijiko cha chai cha tangawizi mbichi, kungumanga, na kipande cha siagi mwishoni. Tofauti ni mahali pa kusimamia. Kashata hupikwa mpaka sukari ikamate. Hii huepuliwa mapema zaidi, nazi ikiwa inang'aa, imelowa shira, na bado inaachana kwa uma. Ukichelewa kwa dakika mbili tatu utakuwa na kashata ndani ya kikombe cha unga, tamu bila shaka, lakini itamshinda mwenye meno mabovu. Jambo jingine la kuepuka ni machicha. Kwenye nyumba inayopika wali wa nazi ni rahisi kufikiri kwamba machicha yaliyokwisha kamuliwa tui yatafaa hapa badala ya kutupwa, lakini mafuta ya nazi ndiyo yanayoifanya gizzada iwe na unyevu, na machicha yatakupa kitu kikavu chenye nyuzi. Ikunwe nazi nzima, na isikamuliwe hata kidogo.

Kwa upande wa maji, basi, gizzada ni salama kuliko zote: nazi haitoi maji ikiiva, na chini ya ganda hakulowi. Ugumu wake uko kwenye kingo. Duara la sentimita kumi huwekwa kiganjani au mezani, ukingo ukainuliwa na kufinywa kwa kidole gumba na cha shahada kila baada ya sentimita moja, mkono mwingine ukizungusha, mpaka pawe na ukuta wenye mikunjo wa kama sentimita moja na nusu. Ukuta huo hupenda kulala ukipata joto. Dawa yake ni kuviweka vikombe kwenye friji kwa dakika ishirini vikakaze, kuvioka vitupu kwa dakika kumi, na ndipo kuvijaza nazi na kuvirudisha tanurini kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Anayeruka hatua hizo mbili atapata visahani badala ya vikombe.

Tati ya nanasi inadai zaidi kuliko hizo mbili, na sababu yake ni moja. Nanasi lina maji mengi na pektini kidogo, ile iliyomo ndani ya matunda na inayogandisha jamu, kwa hiyo jamu yake haigandi kama ya matunda mengine. Hukauka tu, maji yakitoka taratibu. Kilo moja ya nanasi lililomenywa na kukunwa, kwa gramu 200 hadi 250 za sukari, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili tatu, huchukua dakika arobaini na tano hadi saa nzima kwenye moto mdogo, na robo saa ya mwisho haimruhusu mpishi kuondoka, kwa kuwa sukari huanza kushika chini. Alama ya kuiva ni hii: pitisha mwiko katikati ya sufuria, na mfereji unaouacha ubaki wazi mpaka uhesabu tano. Mfereji ukijaa maji mara moja, bado. Wapo wanaofupisha safari kwa kutia unga wa mahindi mwembamba wa kuongezea uzito. Jamu hiyo hupendeza ikiwa ndani ya sufuria, lakini ikipata joto la tanuri huchemka na kumwagika kupitia lile tundu la katikati, ikaungua kwenye sinia.

Sufuria yenyewe pia ina neno. Sufuria za alumini tulizo nazo majumbani hazipatani na uchachu wa nanasi kwa muda mrefu kiasi hicho, na jamu huweza kuchukua ladha ya madini. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au iliyopakwa enameli. Nanasi nalo liwe limeiva. Yale ya Kiwangwa, Bagamoyo, yakiwa katika msimu, yanaweza kuhitaji sukari pungufu ya gramu 200, na ni busara kuonja kabla ya kutia yote.

Kukunja pembe tatu hakuna ugumu wowote. Jamu huwekwa katikati ya duara, kingo tatu zikakunjwa kuelekea ndani zipishane kidogo kwenye pembe, na katikati pakaachwa tundu la ukubwa wa sarafu. Pembe zibanwe kwa nguvu, zipakwe yai lililopigwa, na tati zipumzike kwenye friji kabla ya kuokwa. Ikitoka, uchachu wa nanasi unakata mafuta ya ganda kwa namna ambayo ndizi na nazi haziwezi, na hiyo ndiyo sababu ya kuivumilia saa ile ya kukoroga. Kwa kuwa jamu inakaa kwenye friji hata wiki mbili, njia nzuri ni kuipika siku moja na kuoka siku nyingine.

Moto unaweza kuupindua mpangilio wote huu. Mwenye tanuri la umeme au gesi linaloshika nyuzi 180 hadi 190 za Selsiasi yuko huru kuchagua: ndizi na nanasi huchukua dakika 25 hadi 30, na alama ni kingo za rangi ya dhahabu pamoja na chini palipokauka, si juu peke yake. Anayeoka kwa jiko la mkaa na kupalia makaa juu ya mfuniko achukue tati ya ndizi bila kusita. Makaa ya juu hayadhibitiki kwa urahisi, na nazi yenye sukari ya gizzada, ikiwa wazi, huungua kabla ganda halijaiva. Jamu ya nanasi nayo huchemka upande wa tundu. Tati ya ndizi imejifunika yenyewe. Chini ya sinia uwekwe mchanga au mawe madogo, makaa mengi yawe juu na machache chini, na sufuria ipashwe moto kwanza ikiwa tupu. Kuzikaanga kwa mafuta kunawezekana pia, lakini hapo unapika kitu kingine.

Kwa matumizi ya baadaye, gizzada hudumu zaidi ikiwa imeshaokwa: siku nne au tano kwenye kopo lililofungwa, na siku ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza. Tati ya ndizi huanza kulegea baada ya siku mbili. Hata hivyo, ikiwa mbichi, imekunjwa na kugandishwa kwenye friza, inaweza kuokwa moja kwa moja bila kuyeyushwa, kwa kuongeza dakika tano hivi, na kwa anayepokea wageni bila taarifa hiyo ni faida kubwa. Ya nanasi iko katikati.

Gharama hutegemea mahali. Nazi ni rahisi pwani na ghali Kigali. Ndizi za kupika ni za kila soko Bukoba na Kampala. Waswahili walio Ulaya na Amerika Kaskazini watapata ndizi hizi kwenye maduka ya Waafrika na ya Wakaribiani wenyewe, ila mara nyingi zikiwa za kijani, na zitahitaji wiki moja au zaidi juu ya kabati mpaka ziwe nyeusi. Zisiwekwe kwenye friji, kwani baridi huzizuia kuiva. Nazi iliyokaushwa ya pakiti ilowekwe kwenye maziwa ya moto kwa robo saa. Nanasi la kopo linafaa likichujwa shira yake yote na kuongezewa ndimu, lakini anayeishi mahali ambapo nanasi bichi ni baya na la bei kubwa afadhali aoke ya ndizi.

Tourment d'amour naitaja kwa ufupi kwa sababu ni ya hatua ya baadaye. Terre-de-Haut huiuza gatini, kwa abiria wanaoshuka kutoka kwenye boti za Guadeloupe, na masimulizi ya kisiwani yanasema wake wa wavuvi waliioka wakiwangoja waume zao warudi kutoka baharini. Ina ganda, jamu ya nazi, wakati mwingine kastadi, na juu yake keki ya mayai isiyotiwa hamira. Vitu vitatu vinavyoiva kwa kasi tofauti ndani ya chombo kimoja vinataka mkono uliokwisha kulizoea tanuri lake. Aliyefaulu gizzada mara kadhaa ana nusu ya kazi tayari, kwa kuwa jamu ya nazi karibu ni ileile, ikipikwa laini kidogo zaidi.

Na kama bustanini kuna mpera, zipo tati za mapera pia. Visiwa vya Virgin huzioka pamoja na za nazi na za nanasi, nyingi zikiwa na nyavu za unga juu. Mapera ni kinyume cha nanasi: yana pektini nyingi, na jamu yake hukaza haraka. Yachemshwe, yapitishwe kwenye chujio kuondoa mbegu, yapikwe na sukari kwa dakika ishirini hivi, na yaepuliwe yakiwa bado yanadondoka polepole kutoka kwenye mwiko, kwa sababu yakisubiriwa mpaka yawe mazito jikoni, yatakuwa magumu kama peremende yakishatoka tanurini na kupoa.